Mshumaa Uliohamisha Njiwa

Umeme upo. Taa zote za dari zinawaka, na jua la asubuhi limeshaingia dirishani hadi katikati ya chumba. Hata hivyo mwanamke huyu mwenye koti jeupe anapapasa mfukoni, anatoa kiberiti na kuwasha mshumaa.

Anausimamisha ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kubwa kama ndoo ndogo. Pembeni ya mshumaa amekwisha kupanga visahani vya plastiki, kimoja juu ya kingine, kama vile vya vikombe vya chai kabatini. Anaweka kifuniko, anakikaza kwa viganja vyote viwili, kisha anarudi nyuma na kukunja mikono.

Mwali unasimama wima. Unapungua. Unageuka bluu, unajikunyata kwenye utambi, unazimika. Uzi wa moshi unapanda mpaka kwenye kifuniko na kukwama hapo.

"Basi," anasema. "Sasa humo ndani mnakaribia kufanana na ndani ya mtu."

Wanafunzi wanaokuja kujifunza katika maabara hii wanamwita Mama Mshumaa. Anasema hana neno nalo, kwani jina la kazi ni bora kuliko majina mengine ambayo wanafunzi huwapa watu wakali.

Maabara ina kabati la joto la kisasa, linalolishwa gesi kutoka kwenye mtungi wa chuma. Shida ni kwamba mtungi ukiisha husubiri gari, na gari husubiri sahihi, na sahihi husubiri mtu aliyetoka kidogo. Mshumaa hausubiri mtu. Unakula hewa safi iliyomo chupani, unatoa hewa ukaa, na unapokosa cha kula unazimika wenyewe. Ni njia ya zamani, na ukimwuliza kama si ya kizamani mno atakutazama tu.

Kazi yake ni kuotesha fangasi wanaosababisha magonjwa. Sampuli zinatoka wodini, nyingine ni damu, nyingine makohozi, nyingine maji ya uti wa mgongo, na yeye anazilisha na kuzitunza mpaka zioneshe ni fangasi gani aliyemo, ili daktari ajue dawa ipi itamweza.

"Huko nje watu wanahangaika kuua fangasi," anasema, uso mkavu. "Mimi ninalipwa kuwalisha."

Kati ya wote anaowalisha, mmoja ndiye aliyeingia mpaka nyumbani kwake, akavuruga paa, ndoa na Jumapili za familia. Hakuingia kwa miguu, maana hana. Aliingia kama hoja.

Maabara nzima humwita fangasi huyo Mvaa Koti. Huko nje anaishi kwenye udongo, kwenye magome yaliyooza, na zaidi kwenye kinyesi kikavu cha njiwa. Akiwa huko ni kitu kidogo tu cha mviringo, kiko karibu uchi, na upepo ukivuma kinapeperuka na vumbi. Mtu akipita anavuta hewa, na huyo ameingia.

Ajabu yake inaanzia hapo. Katika hewa tunayoivuta, ukiigawa mafungu elfu kumi, hewa ukaa ni mafungu manne hivi. Ndani kabisa ya mapafu inafika mafungu kama mia tano. Sisi hatulihisi badiliko hilo. Mvaa Koti analihisi.

Ndani ya mwili wake mdogo mna kimeng'enya kinachoidaka hewa hiyo na kuigeuza kuwa kitu cha ukoo mmoja na magadi ya kuumulia mikate. Kitu hicho kikiwa kingi, kinaamsha kimeng'enya kingine kilichokuwa kimelala, nacho kinatuma habari mwili mzima kwamba wamefika ndani. Mvaa Koti akiipata habari hiyo anaanza kujishonea koti, zito, la utelezi. Askari wa mwili wakija kummeza wanamkuta ni mnene kuliko mdomo wao, na kila wakimshika anawaponyoka.

Kwa mwenye kinga nzuri kwa kawaida mambo huishia hapo, mwili unamzungushia ukuta na mtu hajui hata kama aliwahi kupata mgeni. Kwa mwenye kinga dhaifu anaweza kusafiri mpaka kwenye ubongo.

Wala si yeye peke yake mwenye ujanja huo. Wapo wengine wanaokaa mdomoni na tumboni mwa watu, ambao wakiihisi hewa hiyohiyo wanarefuka na kuwa nyuzi zenye uwezo wa kupenya nyama.

"Hana pua wala macho," anasema Mama Mshumaa. "Lakini pumzi yako ikimpiga tu, anajua amefika."

Haya yote amekuwa akiyajua tangu chuoni, alikosomea stashahada yake. Ni mambo ya kazini, ya kuvua pamoja na koti jeupe jioni na kuyatundika msumarini. Mpaka binti yake alipougua.

Mume wake ni seremala, mwembamba, mpole, mwenye penseli nyuma ya sikio hata siku ya sherehe. Mtaani anajulikana kwa vitu viwili, milango yake isiyolia na njiwa wake. Banda la njiwa alilijenga mwenyewe juu ya paa la nyuma, na si banda la mbao za kuokota. Lina vyumba, vibaraza na paa la mteremko. Mama Mshumaa husema mumewe aliwajengea njiwa vyumba vya kulala kabla hajammalizia yeye jiko.

Binti yao tangu utotoni anaitwa Bosi, kwa jinsi anavyoamrisha watu. Alikuwa ameanza tu sekondari uso wake ulipoanza kuvimba asubuhi. Walidhani ni usingizi. Haukuwa usingizi, zilikuwa figo, na zote mbili zilikuwa zimekwishachoka. Kukafuata miezi ya kusafishwa damu kwa mashine, msichana anakwenda amechoka na kurudi amechoka zaidi, amri zake zikipungua moja baada ya nyingine. Mama yake anasema siku aliyoogopa kuliko zote ni ile Bosi alipoulizwa anataka kula nini akajibu chochote.

Vipimo vya ndugu vilipofanyika, figo iliyoonekana kumfaa ni ya baba.

Seremala hakuuliza maswali mengi. Aliuliza kama ataweza kushika randa tena. Alipoambiwa ataweza akishapona vizuri, alitoa penseli nyuma ya sikio, akaiweka mezani kwa daktari na kuuliza asaini wapi.

Upandikizaji ulikwenda vizuri. Baba akapona, na figo ndani ya Bosi ikaanza kazi kama iliyozaliwa humo. Lakini mwili wa Bosi ukiachwa ufanye upendavyo utaitambua figo hiyo kuwa ni mgeni na kuifukuza. Kwa hiyo anakunywa vidonge vya kuipunguza kinga yake, asubuhi na jioni, na ataendelea kuvinywa.

Siku ya kumruhusu kutoka wodini, daktari aliwaeleza namna nyumba inavyotakiwa kuwa. Maji yachemshwe, chakula kiive, wageni wenye mafua wabaki kwao. Akauliza kama wanafuga chochote. Mama akajibu kabla mumewe hajafungua mdomo kwamba wanafuga njiwa, juu ya paa, na dirisha la chumba cha Bosi liko chini yake kabisa.

Daktari akafunga kalamu yake. Akasema banda hilo liondoke na pasafishwe kabla mtoto hajarudi. Mpaka hapo akae kwingine.

Kwingine ikawa kwa dada yake Mama Mshumaa, mama mkubwa wa Bosi, ambaye nyumba yake haiko mbali na hospitali. Waliketi sebuleni hapo jioni ileile, Bosi amelala chumba cha pili, wakipanga nani atakuja lini. Seremala alikuwa akisugua kovu lake juu ya shati.

"Figo nimetoa," alisema mwishowe. "Sasa mnataka na njiwa."

Mama mkubwa alicheka, akidhani ni mzaha. Mama Mshumaa hakucheka. Ameishi na mtu huyu miaka mingi, anajua anapotania na anajua anapoumia.

Wiki zikaanza kupita na banda likabaki lilipo. Seremala hakukataa. Mtu wa aina yake hakatai, anachelewa. Mara kidonda hakijakauka vizuri, mara hana msumari wa saizi ile, mara njiwa wana mayai. Bosi naye kwa mama mkubwa anahesabu nyufa za dari na kupiga simu nyumbani kuuliza kitanda chake kama bado kipo. Mkewe alimwambia wazi kwamba mtoto haji mpaka njiwa waondoke, na kwamba yeye hatalisema mara ya pili. Alilisema mara nyingi sana.

Kisha ikatokea siku ya ufagio.

Mama Mshumaa alitoka kazini mapema. Alipokunja kona ya nyumba alimwona mumewe juu ya ngazi, ufagio mkononi, anafagia banda kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Kinyesi kikavu kilikuwa kinainuka kama unga kwenye mwanga wa jua, kinaelea, kinashuka taratibu. Chini yake dirisha la Bosi lilikuwa wazi. Seremala alikuwa amelifungua makusudi ili chumba kipate hewa. Alikuwa amekwisha kutandika kitanda kwa shuka mpya nyeupe.

Mama Mshumaa aliingia chumbani, akapitisha kiganja juu ya shuka. Kilirudi na vumbi la kijivu.

Mumewe alishuka ngazi akitabasamu, akamkuta mlangoni na kile kiganja amekiinua.

"Umemtandikia vumbi, Baba Bosi."

Tabasamu likamkauka. Akasema amefagia kwa ajili yake, ili banda liwe safi na njiwa wabaki, maana atakuwa anafagia kila siku.

"Najua ni kwa ajili yake," mkewe alijibu. "Ndiyo maana sijapiga kelele."

Hapo ndipo yule mpole alipokuja juu kidogo. Akamwambia yeye kazi imemharibu, anaona wadudu kila mahali. Mbona yeye amelala chini ya njiwa hao miaka yote na bado yuko hai?

Mama Mshumaa alianza kung'oa shuka kitandani. Akamweleza, mgongo umemwelekea, kwamba yuko hai kwa sababu kinga yake ni nzima, ilhali ya Bosi wanaishusha wenyewe kwa vidonge ili figo ya baba yake isifukuzwe. Akasema hataki siku moja figo iwe nzima na mwenyewe hayupo.

Seremala alikwenda kwenye benchi lake la kazi, akawa anapiga randa ubao ambao hakuna mtu aliyeuagiza.

Usiku huo Mama Mshumaa aliwaza kwamba amekuwa akimpa mumewe maneno, na mumewe si mtu wa maneno. Mtu huyu ukimwambia mlango umepinda hakuamini, anakwenda kuweka macho kwenye ukingo wake na kutazama mwenyewe. Kesho yake akamwomba mkuu wa maabara ruhusa ya kumleta mgeni.

Mkuu huyo, daktari mwenye maneno machache, aliuliza mgeni anataka kuona nini. Akaambiwa koti. Akasema aje, ila atazame sampuli zilizokwisha kuuawa kwa dawa, na asiguse kitu.

Basi Mama Mshumaa akamwotesha Mvaa Koti mara mbili, kutoka kwenye chembe zilezile. Kisahani kimoja alikiacha kwenye hewa ya kawaida. Kingine alikiweka kwenye chupa, akawasha mshumaa na kufunga kifuniko. Vyote vikakaa kwenye joto la mwili wa mtu. Siku zilipotimia, akawaua wote, akawachanganya na wino mweusi na kuwaweka kwenye vioo viwili chini ya hadubini mbili.

Wino ndiyo siri ya kazi hii. Unajaza weusi kila mahali, lakini hauwezi kupenya koti. Penye koti panabaki peupe.

Seremala alifika amevaa shati la kanisani, kofia kaitia kwapani. Mkuu wa maabara alimwambia, "Fundi, hadubini hizi zina mguu mmoja mmoja tu, usije ukaziongezea mingine," na hilo likamlegeza kidogo.

Alitazama ya kwanza. Akaona viduara vidogo kwenye giza, vina ukingo mwembamba wa mwanga, kama shanga zilizomwagika. Akatazama ya pili na akakaa hapo.

"Hili jeupe pana ni nini?"

"Koti," alisema mkewe.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Hapo katikati."

"Koti kubwa kuliko mtu." Alirudi kwenye hadubini ya kwanza, kisha ya pili, kama anayelinganisha mbao mbili zilizodaiwa kuwa sawa. "Na hawa wengine ni kina nani?"

"Ni haohao. Wa tumbo moja. Hawa waliota hewani, hawa waliota kwenye chupa ya mshumaa."

Seremala aliinuka, akaitazama chupa ya kioo pale mezani na kipande cha mshumaa kilichobaki ndani yake.

"Nani kawaambia wavae?"

"Pumzi," alisema Mama Mshumaa. "Mshumaa unatoa hewa ileile tunayotoa mimi na wewe. Wakiihisi, wanajua wako ndani."

Mkuu wa maabara alijifanya anapanga vioo.

"Kwa hiyo Bosi akimvuta," alisema taratibu, "pumzi yake Bosi mwenyewe ndiyo itakayomwambia."

"Ndiyo."

Akauliza swali moja zaidi, nalo Mama Mshumaa analisifu mpaka leo kuwa ndilo swali la maana. Aliuliza kama banda lao lina huyu. Mkewe akamjibu kwamba hajui. Akasema angeweza kupima, na huenda asimpate, kwa sababu si kila banda la njiwa lina Mvaa Koti na si kila anayepita chini ya njiwa anaugua. Lakini leo asipopatikana, kesho anaweza kuja na mvua au na njiwa wa jirani.

"Sitaki kumlea mtoto kwa kubahatisha," alimwambia.

Njiani kurudi nyumbani, walipopita duka la vifaa vya ujenzi, seremala aliingia, akauliza bei ya wavu wa waya.

Mara ya kwanza njiwa walihama kwa maboksi yenye matundu, kwenye gari la kaka yake Mama Mshumaa, ambaye ana kiwanja kikubwa nje ya mji, ng'ambo ya kilima. Seremala aliwapakia mmoja mmoja akiwataja majina. Walipofika aliwafungulia, wakazunguka juu mara mbili tatu, yeye akaingia ndani kunywa chai na shemeji yake. Alikaa akazungumza, akaaga, akarudi nyumbani.

Akawakuta juu ya paa wamejipanga kama wanasubiri kuhesabiwa.

Jirani aliyekuwa anaanika nguo alimwambia wamemtangulia, na kwamba waliulizia amechelewa wapi.

Bosi aliposimuliwa kwa simu alicheka mpaka mama mkubwa akamwambia apunguze, mshono ungalipo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka ule uanze nyumba yao kusikia kicheko hicho, hata kama ni kwa simu. Seremala aliomba simu iwekwe sauti ya juu, akasimulia tena kuanzia mwanzo.

Lakini Mama Mshumaa alikuwa na neno naye. Kila mfuga njiwa anajua njiwa hurudi pale alipojifunzia kuruka. Alimwuliza kama kweli hakulijua hilo.

"Nilijua," alisema mumewe. "Nilitaka waage."



Mara ya pili ilifanyika kama inavyotakiwa. Seremala alijenga banda jipya kwa shemeji yake, la mbao na wavu, kubwa, lenye nafasi ya kurukia ndani kwa ndani. Njiwa wakubwa hawatafunguliwa humo, kwa kuwa siku yoyote wakifunguliwa watarudi paa la zamani. Wataatamia humo, na makinda watakaoanguliwa humo watapajua hapo kuwa ndipo kwao.

Banda la zamani lilibomolewa chini ya usimamizi ambao Bosi mwenyewe angeuonea wivu. Kwanza maji, yanyunyizwe taratibu mpaka kila kitu kilowe, pasiinuke hata punje ya vumbi. Barakoa, glovu, mikono mirefu. Kinyesi ndani ya mifuko, mifuko shimoni. Seremala alitaka kuokoa mbao zake, akasema zile ni mbao ngumu, hazipatikani tena. Mkewe akasema nazo ziende. Zikaenda. Paa likaoshwa, mifereji ikaoshwa, ukuta ukapakwa chokaa, na dirisha la Bosi likapata wavu mpya.

Na ikawekwa sheria. Kila Jumapili seremala anaruhusiwa kwenda kuwatazama njiwa wake. Atavaa barakoa, atamwaga maji kabla ya kusafisha, ataoga kulekule na kubadili nguo kulekule. Shemeji yake amempigilia msumari wa kutundikia nguo.

Daktari alipoelezwa yote akasema sawa, mtoto arudi nyumbani.

Asubuhi ya siku hiyo nyumba ilinukia sabuni na chokaa. Mama Mshumaa alikwenda kumchukua Bosi, mumewe akabaki apokee. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amechonga kibao cha kuwekea vidonge, chenye sehemu ya asubuhi na sehemu ya jioni, na kukipiga msasa mpaka kikawa laini kama kioo.

Mara akasikia mabawa.

Alikuwa Bibi, njiwa jike wa kijivu, mkongwe kuliko wote. Alichoropoka mlango wa wavu ulipofunguliwa ili walishwe, akavuka kilima, na sasa alikuwa anatembea juu ya paa tupu akitafuta nyumba iliyokuwapo.

Seremala angeweza kumwacha mpaka jioni. Jirani alimwambia hivyo, kwamba ndege mmoja si kitu, mtoto yuko njiani, amsubiri mwanawe. Yeye alikwishachukua ngazi. Alipanda, akapiga mluzi, na Bibi akaja mkononi kama kawaida yake. Akamweka kwenye boksi, akafuta pale alipokanyaga kwa kitambaa kilicholowa, akaondoka naye.

Ndiyo maana gari lililomleta Bosi lilipofika, baba aliyetoa figo yake hakuwapo mlangoni.

Bosi alishuka taratibu, barakoa usoni, akaangaza huku na huku. Akauliza baba yuko wapi. Jirani akamweleza. Msichana aliinua macho, akalitazama paa lililokuwa linang'aa kwa kuoshwa, akalitazama muda mrefu.

"Basi nileteeni kiti," alisema. "Namsubiri hapahapa."

Mama yake anasema alikimbia ndani kuleta kiti asije akaonekana analia. Ilikuwa amri ya kwanza kuisikia baada ya muda mrefu.

Baba alirudi jua linazama, nywele zimelowa, amevaa shati la shemeji yake ambalo lingetosha watu wawili. Alisimama mbali kidogo, hajui kama anaruhusiwa kusogea.

"Shati la nani hilo?" Bosi aliuliza.

"La mjomba wako."

"Limekumeza."

Seremala alicheka huku amejishika ubavu upande wa kovu, akaja akakaa chini kwenye kizingiti karibu na kiti cha mwanawe. Mkewe aliwaacha hapo, akaenda kuchemsha maji ya kunywa.

Sasa Bosi yuko nyumbani, anasoma madaftari aliyoazimwa na wenzake, na kliniki ikiendelea kwenda vizuri daktari atamruhusu kurudi shuleni muhula ujao. Mama yake ana tamaa moja ndogo juu ya hilo. Anataka aende, achoke, arudi na malalamiko kama watoto wa watu wengine.

Kule ng'ambo ya kilima makinda wa kwanza wameota manyoya. Jumapili ijayo seremala atawafungulia mlango kwa mara ya kwanza. Hakuna anayejua kwa hakika watafanya nini. Wakiruka na kurudi kwenye wavu, kazi imekwisha, wana kwao. Wakiifuata kwa hisia njia ya zamani ya wazazi wao, watakuja juu ya dirisha la Bosi, na yote yaanze upya.

Wamegawana kazi. Baba atakuwa kule na simu yake. Mama atakuwa huku uani na simu yake. Bosi, aliyepanga haya yote, atakuwa ndani dirishani, nyuma ya wavu, anapokea taarifa za pande zote mbili.

Mama Mshumaa anainua chupa yake ya kioo, mshumaa umeshazimika ndani, na kuipeleka kwenye kabati la joto. Anafunga mlango kwa kiwiko.

"Jumapili nitakaa pale uani nitazame paa langu mchana kutwa," anasema. "Na ninachoomba ni nisione kitu."